Ufa wa Tangi la Mama

Lori lililobeba nyanya liligonga tangi la maji la mama Jumamosi moja asubuhi, wakati nimekaa jikoni namenya ndizi. Nilisikia mlio mmoja tu, mzito, kama gunia la mahindi lililoanguka kutoka darini. Halafu nikasikia sauti ya mama, na hapo nikajua hakuna aliyekufa, kwa sababu mama akiona msiba hunyamaza.

Nyumbani kwetu ni Maji ya Chai, hatua chache kutoka barabara kuu ya Moshi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, na kila mwenye kiwanja karibu na barabara aliamka akakuta magari yanageuzia uani kwake bila hodi. Dereva alishuka, kofia mkononi, akasema, "Shikamoo mama." Mama hakuitikia. Kwake yeye kutomwitikia mtu shikamoo ilikuwa sawasawa na kumzaba kofi.

Tuliliangalia tangi. Ufa ulianza ukingoni juu, ukashuka kwa kupinda mpaka karibu na kiuno changu. Haukuwa mpana. Ungeweza kuupitisha unywele, si zaidi. Lakini maji yalikuwa yanatoka urefu wake wote, yanateleza ukutani taratibu na kulowesha udongo chini.

"Mama, hili limekufa," nilisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa na stashahada ya ujenzi, na kazi katika maabara ndogo ya kampuni moja pale Unga Limited, mjini Arusha. Kazi yangu ilikuwa kupokea vipande vya zege kutoka kwenye majengo, kuviweka kwenye mashine, kuvibana mpaka vipasuke, na kuandika vilipasuka kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo nilijiona daktari wa zege, na daktari akishasema mgonjwa kafa, kafa.

"Limekufa?" mama aliuliza.

"Ufa ukishapenya ukuta, umepenya. Nitakuletea saruji. Siku hizi ipo madukani, hakuna habari ya kibali. Tunabomoa, tunajenga jipya ndani ya wiki mbili."

Mama aliuweka mkono wake juu ya ufa, akautoa ukiwa umelowa, akaninyooshea nione.

"Maiti haitoi jasho," alisema. "Na tangi la baba yako halibomolewi kwa sababu ya nyanya." Ndipo akamgeukia dereva, akamwitikia marahaba yake, akamwambia akalirudishe lori lake barabarani.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya siku ile. Tangi alilijenga mimi nikiwa darasa la tatu, wakati saruji ilipatikana kwa kibali na kibali kilipatikana kwa kusubiri. Alisubiri sana, akapata mifuko mitatu, na mifuko mitatu haijengi tangi. Lakini katika ujana wake alikuwa amefanya kazi chini ya fundi mwashi aliyejenga majengo ya misheni kwa chokaa na majivu ya mlima, yale majivu ya kijivu yaliyotapikwa na Meru zamani, ambayo kwetu unayakuta kwenye kingo za makorongo ukichimba kidogo. Basi baba akayachimba, akayachekecha kwa chekeche la unga la mama, akayachanganya na chokaa na ile saruji kidogo. Chekeche halikufaa tena kwa unga, na mama aliendelea kulitaja chekeche hilo mpaka tunamzika mume wake.

Sababu ya tangi ilikuwa meno yangu. Maji ya mto wetu yana rangi ya chai, ndiyo maana ya jina la mahali penyewe, na yana madini yanayobadilisha meno ya watoto. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, niliyanywa tangu nilipoachishwa ziwa, na meno yangu ya mbele ni ya kahawia mpaka leo. Wadogo zangu wawili walikunywa maji ya mvua kutoka tangini, na wakicheka ni weupe tupu. Kwa hiyo niliposema libomolewe, sikuwa nimesema jambo dogo.

Mama aliweka beseni chini ya ufa na akaendelea na maisha yake. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, bati lilijaza tangi, tangi likajaza beseni, naye akatumia maji ya beseni kuoshea vyombo. Mimi nilirudi mjini. Kila Jumamosi nilipokuja nilikwenda kuangalia, nikiwa na maneno yangu ya "nilikwambia" tayari mdomoni.

Jumamosi ya kwanza mama alisema beseni hujaa kati ya jioni na asubuhi. Ya pili alisema halijai tena, linafika nusu. Nikadhani anayapunguza maji mwenyewe ili anishinde. Ya tatu nililipangusa beseni mwenyewe, nikaliweka mwenyewe, na asubuhi nilikuta maji ya kutosha kunawa uso tu. Ya tano beseni lilikuwa kavu na kuku amelala ndani yake.

Mahali palipokuwa na ufa palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, mgumu, kama kovu. Nilichukua wembe nikakwangua kidogo, nikaukamulia limau. Ukatoa povu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Ndani ya ukuta kulikuwa na chokaa ambayo ilikuwa haijapata kazi. Maji yaliyokuwa yanavuja yaliiyeyusha polepole, yakaibeba hadi mdomoni mwa ufa, ikakutana na hewa, ikaganda kuwa jiwe. Na yale majivu ya mlima, ambayo hufanya kazi yake kwa uvivu, yalikuwa bado yanaendelea kushikana na chokaa miaka yote ile. Ufa ulikuwa umejiziba wenyewe.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo.

"Huyo ndiye maiti wako?" aliuliza. Halafu akacheka mpaka akaiweka ndoo chini.

Jumatatu nilimsimulia bosi wangu, ambaye sote tulimwita Injinia. Alikuwa Mchaga wa Marangu, mzee wa kanisa, mtu mwenye mwili na haraka. Aliacha kazi serikalini ruksa ilipokuja, akafungua kampuni yake, na tangu hapo hakuwahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa cha moto. Alinisikiliza huku anatafuta funguo.

"Binti, chokaa na majivu ni mambo ya wamisionari," alisema. "Sisi sasa tuna saruji."

Lakini siku chache baadaye alirudi kutoka Tanga na uso wa mtu aliyelala vibaya. Alikuwa ameitwa kuangalia gati dogo la wavuvi huko pwani, ambalo lilijengwa na mkandarasi mwingine na lilikuwa limeanza kubomoka kabla halijazoeleka. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye nyufa ndogondogo, yakazifikia nondo, nondo zikaota kutu, kutu ikavimba na kupasua zege kutoka ndani. Wenyewe walitaka lijengwe upya, na walitaka wamwone mtu atakayewaambia kwa nini la pili litadumu.

Injinia alisimama mlangoni mwa maabara. "Lile tangi la mama yako," alisema. "Lilichukua wiki ngapi?"

"Tano."

"Maji ya mvua. Sijui kwa maji ya bahari." Akafikiri. "Nakupa kona ya uani na mapipa sita. Usinisumbue."

Hivyo ndivyo bahari ilivyofika Unga Limited. Lori la kampuni lililokuwa linafuata chokaa Tanga lilirudi na madumu ya maji ya bahari, tukayamimina kwenye mapipa, na watu wa viwanda vya jirani wakawa wanapita wakati wa chakula cha mchana kuichungulia. Wengi hawakuwahi kuiona bahari. Mwanamke mmoja aliyekuwa akituuzia maandazi alichovya kidole, akalamba, akakunja uso, akasema, "Kumbe ndiyo hii," kama mtu aliyetambulishwa kwa mkwe asiyempendeza.

Aliyefurahi zaidi alikuwa mlinzi wetu wa mchana. Alikuwa mtu wa Pangani, wa makamo, aliyekuja Arusha kwa sababu ya ndoa na kubaki kwa sababu ya watoto. Alinusa pipa la kwanza akafumba macho.

"Hii bahari yako imelala, dada," aliniambia. "Umeiweka kama mchuzi. Bahari haitulii hivi."

"Inafanyaje?"

Alinitazama kwa huruma. "Inajaa na kupwa. Mara mbili kwa siku maji yanakuja, mara mbili yanakwenda zake."

Mimi ni mtu wa mlimani. Kwetu maji huteremka tu, hayarudi. Nilikuwa nimesoma habari ya maji kujaa na kupwa katika kitabu, nikaiandika kwenye mtihani, nikaisahau. Na kumbe pale ndipo penye ugonjwa wenyewe, pale panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Tangu siku ile mlinzi ndiye aliyekuwa mwezi wetu wa kuvuta maji. Asubuhi alifungua koki na maji yakateremka kwenye mapipa ya chini, mchana akayapandisha kwa ndoo, na kila alipoyapandisha aliwatangazia walio uani, "Maji yanajaa! Pandisheni vyombo!"

Niliandaa vipande vya aina mbili. Vingine vilikuwa vya saruji tupu kama tulivyozoea. Vingine nilipunguza saruji, nikatia majivu ya mlima na chokaa kidogo. Majivu mama aliyachimba mwenyewe pale pale alipochimba baba, akayachekecha. Safari hii alinunua chekeche jipya kwa ajili ya kazi hiyo, akaliandika kwa rangi nyekundu: SI LA UNGA.

Katika kazi yetu zege hupimwa siku ya ishirini na nane. Siku hiyo ilipofika, Injinia alikuja kuangalia. Nilibana kipande cha saruji tupu, kikavumilia vizuri. Nikabana cha majivu. Kilipasuka mapema mno, tena kwa sauti ya kinyonge, kama biskuti. Nikabana cha pili, hali ikawa ile ile.

Injinia hakukasirika. Angekasirika ningeona nafuu. Alinipiga begani kidogo akasema, "Umejaribu. Sasa vitupe, nahitaji ile kona."

Ijumaa ile nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira, hasa hasira za kumwamini mama yangu mbele za watu. Nilimweleza yote wakati anachambua maharage. Aliniacha nimalize.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Kuku ukimlalisha mayai leo," mama alisema, "siku ya ishirini na nane una kifaranga wa wiki moja. Ndiye unayempiganisha na jogoo?"

"Ndiyo sheria ya kazi, mama."

"Baba yako alilifunika tangi kwa majani ya migomba yaliyolowa, akalimwagia maji kila siku. Miezi mitatu. Nilimwambia utaoa tangi. Hakutia maji ndani mpaka miezi mitatu imepita." Akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Hilo hukuniuliza."

Ni kweli sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimemuuliza majivu yanachimbwa wapi. Habari ya muda haikunijia kichwani, maana nilidhani muda naujua mimi.

Jumatatu nilimwomba Injinia miezi miwili zaidi. Alikataa. Mlinzi, aliyekuwa amesimama karibu na ndoo yake, akasema kwa adabu, "Mzee, mimi bahari hii nimeshaizoea. Ukiitoa utanipa likizo?" Injinia alicheka bila kutaka, na mtu aliyecheka ni vigumu kuendelea kukataa. Kona ikabaki kwangu.

Mwisho wa miezi mitatu nilibana tena. Cha saruji tupu kilikuwa kimeongeza nguvu kidogo. Cha majivu kilikuwa kimekifikia. Sikuamini, nikabana kingine, nacho kikafika. Mlinzi alipiga kigelegele, jambo ambalo kwa mwanamume mwenye ndevu lilimtoa hata mhasibu ofisini.

Lakini nguvu haikuwa swali langu kubwa. Vipande vingine nilikuwa nimevipasua makusudi kidogo, nyufa nyembamba na nyufa pana, kisha nikavirudisha kwenye maji yanayojaa na kupwa. Vile vya majivu vyenye nyufa nyembamba vilikuwa vimejaa utando mweupe, mgumu, na maji hayakupita tena. Vya saruji tupu vilikuwa vimejiziba kidogo, kwa mabaka. Nyufa pana hazikujiziba popote, za majivu wala za saruji. Niliyaandika yote, pamoja na hayo yasiyonifurahisha. Tulivunja vipande vyenye nondo ndani. Katika vile vya saruji tupu kutu ilikuwa imeanza, nyekundu, inachafua kidole. Katika vile vya majivu kulikuwa na vidoa tu.

Injinia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusoma daftari langu lote, ukurasa kwa ukurasa. Chai yake ilipoa, kama kawaida. Halafu akasema, "Tutakwenda Tanga. Mwambie mama yako na yeye ajiandae. Nina maswali ya kumuuliza njiani."

Tulikwenda kwa pikapu ya kampuni. Injinia aliendesha, mama alikaa mbele, mimi na mlinzi nyuma pamoja na vipande vyetu vilivyofunikwa kwa magunia yaliyolowa. Kutoka Maji ya Chai mpaka Korogwe nilisikia kupitia dirisha dogo sauti ya mama ikieleza majani ya migomba, na sauti ya Injinia ikiuliza, "Kwa hiyo mara ngapi kwa siku?" Mlinzi aliimba nusu ya njia. Tulipoanza kusikia harufu ya pwani alinyamaza, akakaa wima, akafunga vifungo vya shati lake vyote.

Mama alikuwa hajawahi kuiona bahari zaidi ya ile ya mapipa. Alishuka kwenye gari, akaitazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo inayomshinda fundi?" aliuliza.

"Ndiyo hii, bi mkubwa," mlinzi alimjibu.

"Si ajabu." Akavua viatu akanikabidhi, akakunja kitenge, akaingia mpaka magotini bila kumwuliza mtu. Wimbi dogo lilikuja likamlowesha hadi kiunoni. Alipiga kelele, akacheka, akalisubiri jingine. Sikuwahi kumwona mama yangu akicheza. Nilisimama pale na viatu vyake mkononi.

Baadaye alikwenda kwenye nguzo za gati la zamani, akachungulia kwenye mipasuko na kugusa nondo zilizooza, kwa uangalifu ule ule aliotumia kukagua vidonda vyetu tulipokuwa wadogo. Palikuwa na fundi wa pale, kijana wa Kidigo, aliyekuwa msaidizi katika ujenzi ule wa kwanza. Mama alimwuliza waliliachia zege siku ngapi likomae kabla ya kulikutanisha na maji ya chumvi.

"Tatu, mama. Mkandarasi alikuwa na haraka."

Mama alimtazama Injinia. Injinia akaangalia pembeni.

Ujenzi ulifanyika mwaka uliofuata. Injinia hakukubali kila kitu, na nadhani alikuwa sahihi. Mihimili ya juu aliijenga kwa zege la kawaida, akazifunika nondo kwa unene mkubwa zaidi. Lakini nguzo na ngazi, zile sehemu zinazolowa na kukauka, zilijengwa kwa mchanganyiko wetu wa majivu ya Meru. Nguzo zilimwagwa nchi kavu, zikafunikwa magunia na kumwagiwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, miezi mitatu kabla ya kusimamishwa. Wavuvi walilalamika, Injinia naye alilalamika, na yule fundi wa Kidigo akapewa kazi ya kuzimwagia maji mara tatu kwa siku, kama mama alivyoelekeza.

Nilirudi kulikagua baada ya miaka mitatu, na mama akasema hawezi kuniacha niende peke yangu, ingawa tayari nilikuwa nimeolewa na nina mtoto. Tulifika maji yamekupwa. Boti ilikuwa imegonga ngazi wakati wa dhoruba na kuacha nyufa kadhaa. Nilipiga magoti nikazihesabu. Zile nyembamba zote zilikuwa zimejaa weupe ule ule, na nilipozikwangua kwa wembe hazikukubali. Nguzo hazikuwa na kutu yoyote inayoonekana kwa nje. Fundi wa Kidigo, ambaye sasa alikuwa ndiye mwangalizi wa gati, alinifuata nyuma akijibu maswali kabla sijauliza.

Pembe ya ngazi ya chini ilikuwa imepasuka kwa upana wa kidole. Hiyo haikuwa imejiziba, na isingejiziba.

"Hii tuiachie?" fundi aliniuliza.

"Hapana. Hii inataka mkono. Una mwiko?"

Alikimbia kuufuata. Tulichanganya chokaa, majivu na saruji kwenye karai, pale pale mawimbi yalipoacha mchanga umelowa. Tulikuwa na saa chache tu kabla maji hayajarudi. Mimi nilisafisha ufa kwa brashi ya waya, fundi alijaza, na mama alisimama juu yetu ngazi moja, akitumwagia maagizo tusiyoyahitaji na maji baridi tuliyoyahitaji. Tulipomaliza, tulifunika pembe ile kwa plastiki na magunia, tukazungushia mawe na mifuko ya mchanga ili maji yasiifikie mapema. Fundi aliniahidi atakuwa anaibadilisha mifuko kila maji yanapokupwa. Nilimwamini.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu. Tuliokota karai, brashi na mwiko, mama akatushika mikono, mimi upande mmoja na fundi upande wa pili, tukapanda ngazi kwenda kutafuta samaki wa kukaanga.